Ukoo wa Dodoma: hizi herufi ough

Mama Neema: Mbukwenyi wanafamilia. Shikamoo mama. Naomba msaada, mdogo wake Neema analia na kazi ya Kiingereza. Kafuta daftari mpaka karatasi imetoboka

Bibi: Marahaba mwanangu. Asipigwe

Mama Neema: Hapigwi mama. Kapewa cough, though, through, plough na bought. La kwanza kasoma "kof", kapatia. La pili akasema "thof", kakosa. Anauliza herufi ni zile zile, sauti inabadilikaje?

Mjomba Mpwapwa: Plough si ndiyo plau yetu ya ng'ombe? Likizo alikuwa anaishika hapa shambani. Aanze na hiyo

Shangazi Area C: Kweli kabisa. Na wifi, mwambie hajakosea kufikiri. Kwetu a ni a popote uendapo. Waingereza wa zamani hiyo gh waliitolea kooni, karibu na kh ya kheri kwa watu wa Unguja. Baadaye kwenye maneno mengine ikafa, mengine ikageuka f. Lakini William Caxton alishaleta mashine ya kuchapa Westminster, 1476, maandishi yakaanza kuganda huku midomo inaendelea kubadilika

Baba Neema: Kwa hiyo dada hakuna kanuni?

Shangazi Area C: Ya kushika yote hakuna. Ashike kwa makundi, kila neno na maana yake

Shangazi Area C: Za f: cough ni kukohoa. Tough, "taf", kigumu. Rough, "raf", kinachoparuza. Enough, "inaf", inatosha

Shangazi Area C: Though ni "dho", ingawa. Hiyo dh ni ya dhahabu, asiseme th ya thelathini. Dough ni "do", unga uliokandwa, kama huo wa chapati zako. Bought ni alinunua, thought ni alifikiri, zote o ndefu halafu t. Through, "thruu", ni kupitia, hiyo iko peke yake

Shangazi Area C: Na drought inafuata plau: "draut". Ukame

Bibi: Ukame nao una ough? Mwandikieni hilo, analijua. Aliona mtama ulivyokauka

Mama Neema: Ngoja nimsomee

Mjomba Mpwapwa: Asome kwa sauti, asinong'one. Mdomo ndio unaokumbuka

Mama Neema: Jamani katunga sentensi mwenyewe! Kwamba mwaka wa ukame bibi alinunua mahindi. Drought na bought, zote kazisoma sawasawa

Bibi: Mjukuu wangu huyo. Na kweli nilinunua, debe mbili

Baba Neema: Safi sana. Asante dada, asante shemeji

Mama Neema: Sasa anauliza thorough

Shangazi Area C: Uingereza wanasema "thara", Marekani "tharo". Ni kufanya jambo kikamilifu bila kuruka kitu. Mnunulie daftari jipya kesho wifi, nitarudisha hela