Usukani wa gemu au nibaki na pedi? Nimejaribu nikawa mzito kuliko kawaida

mtotowakirumba

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naomba ushauri wa watu waliotumia vyote viwili maana huku mtaani kila mtu ana lake.

Mimi gemu za magari nimecheza na pedi, ile ya kushika mikononi yenye vitufe na stiki, tangu enzi za PS2, saa hizi nina PS4 na gemu la mbio za magari la Gran Turismo 7, na kwa pedi najiamini kabisa, ile barabara ya mbio ya Suzuka naijua kona moja moja na nikiharibu najua nimeharibia wapi. Sasa wiki iliyopita nikaenda kwa jamaa yangu Pasiansi, ana usukani wa gemu, Logitech G29, kaufunga kwenye meza ya chumbani kwake, akaniambia kaa hapa uonje. Aisee. Kona ya kwanza tu usukani ukawa mzito mkononi kama kuna mtu anaushikilia upande wa pili, halafu nikapanda ule ukingo wa rangi nyekundu na nyeupe nikausikia kwenye vidole unakwaruza, trrrrr, mpaka kwenye viwiko. Hicho kitu kwenye pedi sijawahi kukipata, pedi inatetema tu yote kwa pamoja.

Lakini muda wa kumaliza mzunguko ulikuwa mbaya sana. Nilikuwa nyuma ya muda wangu wa pedi kwa karibu sekunde sita, gari ile ile, barabara ile ile. Zile kona za S za mwanzo ndo zilinimaliza, gari inataka kwenda kulia mimi mikono bado inatoka kushoto. Breki nayo ama nabana mno gari inasimama kabla ya kona, ama nabana kidogo napitiliza mchangani.

Jamaa anauza, anataka laki sita na pedali zake tatu. Kwangu hiyo sio hela ya kuchezea, nimeikusanya muda mrefu. Nauliza hivi, ule utamu wa siku ya kwanza unabaki au unaisha baada ya mwezi? Na huu uzito wangu ni wa kuzoea au kuna watu mikono yao ni ya pedi tu basi?

baba_gia

Mwangaluka mdogo wangu, mwangaluka wadau wote.

Mimi ni dereva wa tela, nimeendesha miaka mingi hii barabara ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga mpaka Dodoma, na nyumbani Igoma nina kompyuta na usukani nacheza gemu la malori la Euro Truck Simulator 2 na mwanangu, kwahiyo nitakujibu kama mtu anayeshika usukani wa kweli mchana na wa gemu usiku.

Hicho ulichokisikia kwenye vidole ndo habari yenyewe, usikichukulie kama urembo. Kwenye gari ya kweli ukishamaliza kona ukalegeza mikono usukani unarudi wenyewe katikati, si ndio, hiyo ni kwa sababu ya jinsi miguu ya mbele ilivyolazwa na jinsi tairi inavyojinyoosha chini, tairi inataka kufuata njia gari inakoenda. Kadiri unavyoikunja kwa mwendo ndo inavyokataa na mkono unazidi kubeba uzito. Sasa sikiliza hapa, tairi ikifika mwisho wa kushika, usukani HAUZIDI kuwa mzito, unakuwa MWEPESI. Ghafla. Kama umeshika kamba yenye mzigo halafu mzigo ukadondoka. Dereva mzoefu hapo hapo anapunguza mkono na mguu wa mafuta unatoka, kabla hata macho hayajaona pua ya gari inaenda pembeni. Mvua ikinyesha pale kwenye vumbi vumbi la mwanzo lami inakuwa kama imepakwa sabuni, na taarifa yako ya kwanza ni mkononi, kwenye kioo unaona baadae.

Usukani mzuri wa gemu unakupa hiyo taarifa. Pedi haikupi, pedi inakuachia usikilize tairi zinavyolia na uangalie. Wewe umezoea kuendesha kwa macho na masikio miaka yote, juzi umepewa lugha ya tatu ambayo hujui kuisoma, lazima uwe mzito.

Ila nisikudanganye kwamba ni sawa na gari. Nikiwa na tela tupu kwenye daraja la Kigongo Busisi, upepo wa ziwa ukija ubavuni kuna namna unashikilia usukani umepinda kidogo ili gari iende wima, kilomita tatu zote bega halipumziki. Upepo wa hivyo kwenye gemu sijawahi kukutana nao. Na tumbo halisikii kitu, kwenye gari ya kweli breki unaipima kwa tumbo na mgongo.

dada_bwiru

Habari zenu. Mimi nitakuwa upande wa pedi na naomba msinirushie mawe, nina vyote viwili ndani.

Kaka Kirumba, hizo sekunde sita sio kwamba mikono yako ni mibovu. Kuna msaada ulikuwa unapewa na pedi bila kujua. Fikiria stiki ya pedi, kutoka katikati mpaka mwisho dole linasafiri kama sentimita moja tu, wakati ile G29 inazunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu toka ukomo wa kushoto mpaka wa kulia. Kama gemu lingechukua stiki yako kama ilivyo, ukikohoa tu gari iko ukutani. Kwahiyo gemu nyingi zinakuchujia, ukisukuma dole mpaka mwisho ukiwa spidi 200 halikunji tairi mpaka mwisho, linakupa kiasi ambacho tairi inaweza kubeba, na hata dole likienda ghafla tairi zinafuata taratibu. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako fungua gemu la Assetto Corsa kwenye kompyuta nenda setingi za pedi, utakuta kabisa sehemu ya kuweka stiki ikunje haraka kiasi gani, sehemu ya kuweka spidi ikipanda ipunguze kukunja kiasi gani, na sehemu ya katikati ya stiki isiyosoma kitu. Nilikaa siku nzima nachezea hizo namba tatu na pedi ikawa kitu kingine kabisa, nyepesi kwenye kona ndogo na imetulia kwenye kona za mwendo. Watu wengi wanaitukana pedi hawajawahi kufungua huo ukurasa.

Ukishika usukani huo mchujo unaondoka, ukikosea mkono kosa lote linaenda barabarani.

Na kuna gemu usukani ni mateso. Mimi napenda Forza Horizon, kuserereka, kuruka vilima, gari inatoka kushoto kwenda kulia kwa dole moja kufumba na kufumbua, na usukani hapo mikono inakimbizana kama unasonga ugali wa watu ishirini. Gemu lenyewe limetengenezwa watu wakae kwenye kochi na pedi. Kwenye Gran Turismo, Assetto Corsa au DiRT Rally 2.0 hapo sawa, usukani una kazi.

Pia pedi sio zote moja. Kwa mdogo wangu kuna PS5, ile triga ya breki, kitufe cha nyuma ya pedi, kwenye Gran Turismo 7 inakuwa ngumu kama pedali na ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, ikianza kufanya kazi inapigapiga kidole, tk tk tk tk. Hiyo ni taarifa ya kweli, inakuambia umebana mpaka mwisho legeza kidogo. Nilivyoizoea kwenye kidole muda wangu ulishuka bila kubadilisha kitu kingine. Laki sita unaweza kuiongezea ukapata PS5 mtumba huko mbele, lifikirie na hilo.

fundi_nyakato

Wakuu wameongea vizuri, mimi naongezea ya ufundi maana hizi sukani naletewa nazirekebisha.

Kwanza mfumo wa ndani. G29 mota inasukuma kupitia gia za meno, ndo maana ukipita kwenye makorongo unasikia inagonga kakakaka, hiyo kelele ni meno na wala sio ubovu. Kuna za mkanda kama Thrustmaster T300, hizo laini zaidi. Halafu kuna hizi ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hakuna gia hakuna mkanda, mfano Moza R5. Tofauti ya nguvu ni hii, G29 inatoa kama 2.1 kwa kipimo cha nyutoni mita, yaani nguvu ya kuzungusha, R5 inatoa 5.5. Kwa usukani wa upana wa sentimita 28 ni sawa na kuning'iniza kilo moja na nusu ya sukari pembeni ya usukani, na nyingine ni kilo nne. Kwahiyo ule wepesi wa ghafla aliousema baba_gia kwenye G29 upo ila unanong'ona, lazima utulize mikono kuusikia. Ukiushika kwa kuukaba kama unagombana nao husikii kitu. Ushike kwa vidole.

Kosa la pili watu wanaongeza nguvu mpaka mwisho kwenye setingi wakidhani ndo uhalisia. Mota ikifika ukomo wake kona nzito na kona nzito zaidi zinakuwa na uzito ule ule, taarifa inapotea. Shusha kidogo mpaka uanze kusikia tofauti.

Breki sasa, hapa ndo sekunde zako nyingi zimelala mdogo wangu kuliko kwenye usukani. Breki ya G29 ndani ina kipande cha mpira, mwanzo laini halafu inagoma, na inasoma umbali ambao pedali imeshuka. Zile za bei zinasoma mgandamizo wa mguu, na mguu unakumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali. Na kama ulikuwa umekalia kiti cha plastiki, unabana breki kiti kinarudi nyuma, pedali zinateleza mbele, kila kona unabana kitu kipya, mguu utajifunza nini hapo? Chukua mpira wa tyubu ule wa kufungia mzigo kwenye baiskeli, funga miguu ya mbele ya kiti na pedali, viwe kitu kimoja. Kama kiti chako kina magurudumu yazamishe kwenye viatu vya zamani. Gharama haipo na utaona mwenyewe.

Kabla hujatoa hela hakikisha ni G29 kweli, maana kuna G920 inafanana sana ila ni ya Xbox na kompyuta, kwenye PS4 haikubali, nimeshaletewa na mtu aliyelia hapa kibandani. Ukiichomeka ijizungushe yenyewe kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho halafu isimame katikati, ikisimama pembeni achana nayo. Iwe na adapta yake ya volti 24. Halafu ingia kwenye gemu bana breki polepole sana uangalie ule mstari wa breki kwenye kioo, ukipanda kwa kurukaruka ni vumbi limeingia kwenye kipimo cha ndani, kwa vumbi letu hili la kiangazi ni kawaida, inafunguliwa inapigwa spre ya kusafishia swichi inapona. Punguzo la bei hapo unaombea.

mtotowakirumba

Nawashukuru sana, dada Bwiru hiyo ya mchujo imenifungua akili kabisa, nilikuwa nimeshaanza kujiona sina kipaji.

Baba_gia swali, nikianza na usukani niache pedi moja kwa moja au nichanganye?

baba_gia

Iweke kabatini mwezi mmoja. Na usianze na gari kali, chukua gari ndogo ya nguvu kidogo, tairi za kawaida za barabarani, kabarabara kafupi kama Tsukuba. Tairi mbovu zinaongea mapema na zinaongea taratibu, ndo mwalimu mzuri. Muda usiuangalie. Fanya zoezi moja tu, ingia kona ile ile kila mara ukizidisha mwendo kidogo kidogo mpaka usikie mkono umekuwa mwepesi, ukisikia rudisha. Mwanangu nilimfanyisha hivyo macho yake nikiwa nimemwambia aangalie mbali mwisho wa kona, sio mbele ya boneti.

mtotowakirumba

Wakuu nimerudi, ni wiki ya nne leo.

Niliuchukua. Breki ilikuwa inaruka kweli kama fundi alivyosema, jamaa akashusha mpaka laki tano na nusu, fundi kaisafisha imetulia. Meza yangu ilikuwa inacheza nikamwendea mchomeleaji hapa Kirumba akanitengenezea stendi ya bomba za mraba, na kiti nimekifunga na tyubu kwenye pedali, hiyo tyubu ndo kitu kilichonisaidia kuliko vyote, siku ile ile breki ikaanza kuwa sehemu moja.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, mabega yaliuma. Wiki ya pili usiku mmoja pale Tsukuba kwenye ile kona ndefu ya mwisho, gari ndogo, mkono ukawa mwepesi na mimi nikawa nimesharudisha kabla sijafikiria. Nilisimamisha gari pembeni nikakaa tu. Baba_gia ni kama ulivyosema, kamba yenye mzigo imedondoka mzigo.

Suzuka nimeirudia jana. Bado niko nyuma ya muda wangu wa pedi kwa kama nusu sekunde. Ila kwa pedi mzunguko mmoja mzuri unakuja baada ya mibovu mitano, kwa usukani nimepiga kumi mfululizo zote zimekaribiana sana, na nikipoteza gari najua imeanza kupotea wapi.

Forza kwa rafiki yangu nimecheza na pedi, dada Bwiru uko sahihi, pale usukani sipeleki.

dada_bwiru

Safi sana kaka. Hiyo nusu sekunde iko kwenye zile S za mwanzo, nenda kaangalie kama unasubiri usukani urudi wenyewe katikati ndo uanze kukunja upande wa pili. Usisubiri, ukianza kurudi wewe ufuate na uupitilize hapo hapo.

mtotowakirumba

Ndo ninachofanya, nasubiri. Nawasha sasa hivi kabla umeme haujakatika.