Genk ya Samatta ilikuwa bingwa dhaifu, au ilivunjwa kabla ya kufika Ligi ya Mabingwa?

Kijana wa Mbagala:
Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Kuna jambo ambalo mimi na kaka yangu hatujaafikiana kwa miaka kadhaa sasa. Yeye anasema kwamba Genk iliyotwaa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19 ilibebwa na bahati, na ushahidi wake ni Ligi ya Mabingwa Ulaya ya msimu uliofuata: mechi sita za makundi, pointi moja, mabao 20 ya kufungwa. Mimi siwezi kukubali, ingawa naungama kwamba moyo wangu uko upande mmoja. Usiku wa tarehe 5 Novemba 2019 nilikuwa kwenye kibanda umiza, mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu, na Samatta, mshambuliaji wa Genk, alipoipiga kichwa ile kona na kusawazisha pale Anfield, uwanja wa Liverpool, matokeo yakiwa 1-1, benchi nililokalia lilianguka na sisi sote tukaanguka nalo, na hakuna aliyejali. Mtoto wa Mbagala alikuwa amewafunga mabingwa wa Ulaya nyumbani kwao. Naomba mwenye kuufahamu msimu ule vizuri anieleze: je, ubingwa ule ulikuwa wa halali kiuwezo? Na kama ndivyo, kilitokea nini baada ya miezi minne tu?

Shabiki wa Ilala:
Mdogo wangu, mwambie kaka yako aanze na hesabu. Ubelgiji wakati ule walikuwa na utaratibu huu: baada ya mechi 30 za kawaida, timu sita za juu zilicheza mchujo wa ubingwa wa mechi kumi, lakini kabla ya kuuanza, pointi za kila timu ziligawanywa kwa mbili. Genk walimaliza mechi 30 wakiwa na pointi 63, Club Brugge 56. Baada ya kugawanya, Genk wakabaki na 32 (nusu pointi ilipandishwa) na Brugge 28, kwa hiyo tofauti ya pointi saba iliyojengwa kwa miezi mingi ikawa nne tu kwa siku moja. Brugge wakapata pointi 22 katika mchujo, Genk 20, na hesabu ya mwisho ikawa 52 kwa 50. Ukizirudisha pointi zilizokatwa, Genk walikuwa mbele kwa tano. Utaratibu huo uliwanyima Genk akiba yao, haukuwapa chochote, na bado walinyakua taji tarehe 16 Mei 2019 kwa sare ya 1-1 ugenini kwa Anderlecht, ikiwa imebaki mechi moja. Samatta peke yake alifunga mabao 23 ya ligi, na mwezi huohuo akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Mabao 23 hayafungwi kwa bahati.

Mkaazi wa Lubumbashi:
Naunga mkono, kaka, na niongeze upande wa Ulaya, kwa sababu watu hukumbuka Liverpool na kusahau mwaka uliotangulia. Sisi huku Lubumbashi tulimfahamu Samatta akiwa TP Mazembe, tukatwaa naye ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na alipoondoka Januari 2016 tuliendelea kumfuatilia kama mtoto wa nyumbani. Msimu uleule wa ubingwa, Genk walianza Ligi ya Europa tangu raundi za awali mwezi Julai. Walipokutana na Brøndby kuwania nafasi ya makundi, walishinda 5-2 nyumbani, Samatta akifunga matatu, kisha wakaenda Denmark wakashinda tena 4-2. Katika kundi walikuwamo Beşiktaş, Malmö na Sarpsborg, na Genk waliongoza kwa pointi 11. Ile mechi ya Istanbul waliyoshinda 4-2 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa walicheza pale bila woga wowote. Walitolewa Februari na Slavia Praha, 0-0 ugenini kisha 4-1 nyumbani, na kusema kweli siku ile walizidiwa kila idara. Hata hivyo, klabu iliyoundwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za mji wa wachimba makaa ya mawe ilikuwa imecheza mechi nyingi za Ulaya na bado ikaongoza ligi yake.

Shabiki wa Ilala:
Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali, ambayo ndiyo yenye uchungu. Kiungo Pozuelo aliondoka kwenda Toronto hata kabla ya mchujo kuanza. Baada ya taji, kocha Philippe Clement akahamia Club Brugge, yaani kwa mpinzani ambaye Genk walikuwa wamempiku wiki chache nyuma. Trossard akaenda Brighton, Malinovskyi akaenda Atalanta, beki Aidoo akaenda Celta Vigo, na golikipa Vukovic akaumia kabla msimu haujaanza. Mtu akitazama orodha hiyo anaelewa kwa nini timu ilifungwa mabao matano katika kipindi cha kwanza pale Salzburg, matatu yakiwa ya Haaland.

Kijana wa Mbagala:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Kaka yangu amesoma yote na anajibu kwamba klabu nyingi huuza wachezaji na bado hazifungwi 6-2 kama Genk walivyofungwa pale Salzburg.

Mkaazi wa Lubumbashi:
Hapo ana haki kidogo. Kocha mpya, Felice Mazzù, hakudumu. Aliachishwa kazi Novemba, wiki moja baada ya Anfield. Lakini mwombe aitazame tena mechi ya kwanza na Liverpool, ile ya Ubelgiji. Samatta alifunga kwa kichwa, uwanja ukalipuka, kisha VAR, yaani waamuzi wa video, ikalikataa bao kwa sababu Ito, aliyepiga krosi, alikuwa ameotea kwa kiasi kidogo mno. Matokeo yakaishia 4-1. Na timu hiyohiyo iliwazuia Napoli kwa 0-0, Napoli waliokuwa wamewafunga Liverpool 2-0 mechi iliyotangulia. Katika mabao matano ya Genk kwenye kundi lile, matatu ni ya Samatta. Alikuwa mmoja wa nguzo za kikosi cha ubingwa waliobaki, na Januari 2020 naye akaenda Aston Villa.