Ni lini uliacha kujua nyimbo zinazovuma? Tupeane uzoefu

Mtoa mada, Dar es Salaam
Wakuu, salaam. Sisi tuliokuwa sekondari mwaka 2001, Professor Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, tukae hapa kidogo. Nilikuwa na daftari zima la mashairi ya nyimbo. Nilikaa karibu na redio kaseti, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, naomba mtangazaji asiongelee juu ya wimbo. "Ndio Mzee" naijua neno kwa neno hadi leo, na aliyeiimba ameshakuwa mbunge wa Mikumi na akamaliza muhula wake.

Juzi binti yangu wa kidato cha pili kanitajia wasanii anaowasikiliza. Nilimjua mmoja tu, na imeniuma kweli, maana kuna sehemu ya maisha ya mwanangu sina habari nayo.

Sidhani kama ni umri peke yake. Zamani wimbo ulikufuata ulipo: kwenye daladala, saluni, kwa muuza kanda, redio ya jirani. Hata usioupenda uliujua. Siku hizi nyumbani kwangu kila mtu ana simu na hedifoni zake. Tunakaa sebule moja, kila mmoja na wimbo wake. Wewe ilikutokea lini?

Wa Morogoro
Mdogo wangu, kwangu mimi wewe bado ni kizazi kipya. Mimi ni wa bendi za dansi, Msondo na Sikinde. Kwetu wimbo ulianza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake mpaka mwisho, ndipo linakuja chemko na watu wote mnainuka. Kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo uliweza kumwona mpiga saksafoni anavyotoka jasho. Mimi nilipotea pale muziki ulipotoka ukumbini ukahamia studio. Bongo Fleva niliisikia, ila sikuwa na mahali pa kwenda kuicheza na mke wangu. Nasema bila kuwalaumu vijana, kwani baba yangu aliyasema hayahaya juu ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe, na leo gitaa lile ndilo tunalolililia.

Mama wa Unguja
Ahsante kwa mada. Mimi nilikuwa nimeshajitoa kabisa. Taarabu ya Khadija Kopa ilinitosha, nyengine zote niliziona za watoto. Basi mwaka 2020 mkwe wangu akawa anapiga nyimbo za Zuchu kutwa jikoni. Sauti ikanisimamisha. Nilipouliza ni nani, nikaambiwa huyo ni mtoto wa Khadija Kopa! Wana wimbo wao wameimba pamoja, mama na mwana. Tangu siku hiyo mkwe akipika namwambia aongeze sauti. Si zote nazipenda, lakini nazisikiliza, na yeye ameanza kuniuliza habari za taarabu za zamani. Kabla ya hapo hatukuwa na mazungumzo mengi mimi na yeye.

Wa Mombasa
Yangu ni tofauti. Mwaka 2003 E-Sir, yule rapa wa Kenya, alipofariki kwenye ajali ya gari, mimi nilikuwa kijana wa kumfuata kila hatua. Nilizima redio, na kusema ukweli sijawahi kuiwasha tena kwa moyo ule. Gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi, ilipokuja 2018, kwenye matatu niliisikia kila siku, na nusu ya maneno sikuyaelewa. Sheng yangu ilibaki palepale nilipoiacha.

Fundi muziki, Tandale
Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini kuna jambo mnaliruka. Mimi nafunga muziki kwenye shughuli, na umri wangu ni huohuo wa mtoa mada. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na hata mimi mwanzoni sikuambulia kitu. Niliielewa kwa kuwatazama kina dada wanaoicheza: miguu inafuata ngoma, kiuno kinafuata kinanda. Ukiisikiliza singeli kwenye simu umelala kitandani, utasema ni fujo. Muziki huu wa uswahilini umetengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama. Nendeni kwenye shughuli, msiondoke baada ya chakula.

Mtoa mada
Mkuu wa Tandale, hilo la kuondoka baada ya chakula ni kweli tupu. Na mama wa Unguja kanipa njia. Nimeongea na binti: nikimpeleka shule, kwenda ni nyimbo zake, kurudi ni zangu, bila hedifoni. Kaanza kwa amapiano, ule muziki wa Afrika Kusini. Kuna wimbo mmoja nimempenda mwimbaji wake, kesho nitamwomba binti aurudie. Sasa nielekeze, singeli naanzia kwa nani?

Fundi muziki, Tandale
Anza na Msaga Sumu, uje kwa Man Fongo. Na Jumamosi kuna shughuli huku kwetu, nitumie ujumbe nikuelekeze njia. Njoo na huyo binti.