Manjano ya Kichina na chai ya karafuu: vinapatana au nijizuie?

Yakhe wa Xiaobei (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za saa hizi. Mie niko Guangzhou mwaka wa sita sasa, natafutia watu mizigo na kujaza makontena. Bega la kulia limenikamata tangu mwezi uliopita, mkono haupandi hata kuvua fulana. Jamaa akanipeleka kwa tabibu wa Kichina, mzee. Kanishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, kimya dakika nzima, kanitazama ulimi, kaandika karatasi. Dukani wakaipika wenyewe, wakanifungia vijifuko 14 vya plastiki kama vya juisi, asubuhi kimoja na usiku kimoja. Natumbukiza kwenye maji ya moto, nakata ncha, nakunywa. Rangi ya matope, ladha Mungu anajua.

Sasa binti wa dukani aliinusa chupa yangu ya chai, akapiga kelele "ding xiang, ding xiang", akapishanisha mikono kunikataza. Ding xiang ni karafuu. Mie Mpemba, chai bila karafuu naishukishaje kooni? Karatasi nikaipitisha kwenye programu ya simu: jiang huang gramu 10, ikasema manjano, yu jin gramu 10, ikasema ua la tulipu, dang gui (mzizi wa dawa wa Kichina) gramu 10, na mengine matano. Swali langu moja tu: nikiacha saa mbili kati ya dawa na chai, kuna ubaya? Nimeshakunywa siku nne.

Tatu Bila
Umevuka bahari kwenda kuuziwa binzari ya manjano na maua ya harusini. Rudi nyumbani mkuu.

Bi Mkubwa 62
Mwanangu, wa kucheka acheke. Bibi yetu Wete alikuwa na kibati cha khulinjani, nayo ni ukoo huohuo wa tangawizi. Sauti ikikauka kabla ya maulidi, anakukatia kipande kama ukucha, utafune, ukali upande mpaka puani. Na manjano bibi harusi alisuguliwa siku saba, hakuna aliyeandikiwa karatasi. Nyie mkifika ugenini mnadharau vya kwenu, kisha mnauziwa vilevile kwa jina jingine. Hilo bega likandwe na mafuta ya karafuu, liombewe.

Mwaka wa Tatu
Nasoma tiba ya Kichina hukuhuku China, mji mwingine. Kwa kanuni zao binti yuko sahihi. Tunakaririshwa shairi la dawa 19 "zinazoogopana" kwa jozi, na mstari mmoja unasema karafuu isionane na yu jin. Na si tulipu hiyo! Ni ndugu wa manjano. Ukichimba mmanjano, tumba nene linaloshikana na shina ni jiang huang. Vile vivimbe vidogo vinavyoning'inia mwisho wa mizizi ndiyo yu jin. Udongo mmoja, lakini wao wanasema tumba lina moto, linaendesha damu na kuondoa maumivu ya bega na mkono, na kivimbe kina baridi, cha kifua kilichobana na hasira zilizolala ndani. Yuko ndugu wa tatu, e zhu, mkali kuliko wote, huyo mjamzito hapewi kabisa.

Kuhusu chai, walimu wenyewe hubishana juu ya zile jozi, na karafuu tatu kwenye kikombe si dozi. Kinachonishtua ni kingine. Jiang huang, yu jin, dang gui, zote tatu ni za kuendesha damu. Unatumia dawa nyingine yoyote?

Yakhe wa Xiaobei
Ahsante sana Mwaka wa Tatu, umenitoa tongotongo. Kwa hiyo saa mbili zinatosha? Dawa nyingine ni vidonge vyangu vya kawaida tu.

Nesi wa Zamu
Vya kawaida vipi?

Yakhe wa Xiaobei
Vya presha, nusu kidonge. Na kingine cha jioni. Havihusiani na bega.

Nesi wa Zamu
Cha jioni kinaitwaje, kaka?

Kijiwe Nongwa
Kaulizwa mara tatu. Hapa ama ni nguvu za kiume ama ni siri ya serikali.

Yakhe wa Xiaobei
Mbona mnanikalia kama polisi? Haya. Ni wafarini, ya kuzuia damu isigande. Nina vali ya chuma moyoni, nilifanyiwa India 2016, homa ya utotoni iliila ile ya Mungu. Tabibu hakuuliza na mie sikusema, maana ukitaja moyo wanakukataa. Fizi zinatoa damu kidogo nikipiga mswaki, na pajani pana alama ya bluu kama nimegonga meza. Nikapiga hesabu: hii ya Kichina inaendesha damu, ile inalainisha damu, mbili za nini? Basi tangu juzi wafarini nimeiweka pembeni mpaka nimalize vijifuko. Vimebaki sita na nimeshavilipia.

Nesi wa Zamu
Kaka, acha kijifuko cha usiku huu. Hizo ni damu zinazovuja, tena za ngozini ndizo unazoziona. Na kujiachia wafarini mwenyewe ni shimo jingine: damu ikiganda kwenye chuma, kipande kikipanda kichwani ni kiharusi. Leo hii, hospitali yenye maabara, uombe kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda (namba ikipanda mno, unavuja), na hiyo karatasi uende nayo. Ukijisaidia choo cheusi au kichwa kikauma ghafla, piga 120, usisubiri teksi.

Mwaka wa Tatu
Naunga mkono. Na msilaumu manjano peke yake, dang gui na wafarini ugomvi wao unajulikana vizuri.

Fundi Mota
Baba yangu naye alikuwa kwenye wafarini. Siku moja akala matembele sufuria nzima, kipimo kikashuka, daktari akamfokea kama mtoto. Tangu hapo mama anapimia mboga kwa kijiko. Ila mzee alikuwa mbishi, gari lake tu lilikuwa na

Fundi Mota
Simu imezima. Lilikuwa na breki mbovu miaka miwili.

Kijiwe Nongwa
Wakuu, hii ni chai. Tena ya karafuu. Akaunti imefunguliwa jana. Bega, Pemba, vali ya chuma, ua la tulipu, vyote kwa mtu mmoja? Ngojeni ukurasa wa pili, italetwa namba ya kuagizia unga wa manjano.

Tatu Bila
Nilikuwa nimeanza kumhurumia. Picha ya karatasi iko wapi?

Bi Mkubwa 62
Mtu anasema anatoka damu, nyie mnadai picha. Hamna wazazi?

Yakhe wa Xiaobei
Wallahi sina haja ya kuaminiwa. Akaunti mpya kwa sababu hapa kuna ndugu zangu, na mama hajui nakunywa haya mambo. Futeni uzi.

Mwaka wa Tatu
Kijiwe, hiyo tulipu ndiyo inayoniaminisha. Jina la Kichina la ua hilo ni yu jin na neno xiang nyuma yake, programu huchanganya. Mwaka wa kwanza mimi mwenyewe nilimweleza mwalimu kwamba tunapika tulipu, darasa zima likacheka. Mtunzi angeandika manjano tu.

Nesi wa Zamu
Chai au si chai, umefika hospitali?

Yakhe wa Xiaobei
Nimerudi sasa hivi. INR yangu inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Imesoma 5.1, na hapo nimeruka vidonge viwili. Daktari kaisoma karatasi, kanitazama, kaisoma tena. Vijifuko amenipokonya, wafarini, wao ndio wataniambia lini niianze tena, kesho narudi kupima. Bega linauma vilevile.

Kijiwe Nongwa
Pole sana mkuu, nafuta kauli. Chai umeruhusiwa?

Yakhe wa Xiaobei
Nilisahau kuuliza.