Naomba ushauri: kaka ana saratani ya koo yenye HPV, aombe matibabu mepesi?

Habari zenu wakuu. Kaka yangu aliota uvimbe shingoni, hata haukuwa unauma. Kipimo cha kinyama kikaonyesha saratani ya mafindofindo, p16 chanya, yaani ile inayohusishwa na kirusi cha HPV. Daktari akasema hiyo ni afadhali. Nimesoma utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2010: baada ya miaka 3, wagonjwa wenye HPV waliokuwa hai ni asilimia 82, wasio nayo asilimia 57. Nikashusha pumzi. Ila utafiti huohuo unasema sigara inapunguza nafuu hiyo, na kaka amevuta tangu ujana. Hapo ndipo moyo unaponidunda.

Sasa anataka aombe dawa nyepesi, maana anaogopa sisiplatini (dawa kali ya kemo inayotolewa pamoja na mionzi) itamharibu figo na masikio. Mimi nasita, kwa sababu majaribio ya kuweka setuksimabu, dawa nyingine ya saratani, badala ya sisiplatini yalionyesha watu wakiishi muda mfupi zaidi, hata hao wenye HPV.

Mliopitia haya au mliouguza, mlimuuliza nini daktari kabla ya kuanza mionzi? Na mlimwachishaje mgonjwa sigara? Yeye anasema ameshachelewa.