Wasifu wangu wa LinkedIn una miaka minne na haujaniletea hata simu moja: nakosea wapi?

Mhasibu_Kirumba:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mhasibu, niko Mwanza, na kwa miaka sita sasa nafunga hesabu za kiwanda kimoja cha kuchakata samaki. Nilipofungua akaunti ya LinkedIn niliweka picha, nikajaza vyuo nilivyosoma na vyeo nilivyopitia, kisha nikakaa kusubiri. Hadi leo nimeunganishwa na watu zaidi ya 400, wengi wao tuliosoma pamoja, lakini wanaoniandikia ni wauzaji wa kozi tu, pamoja na mtu mmoja aliyetaka nimtumie shilingi 50,000 za "kufungulia faili" la kazi ya Qatar. Chini ya jina langu nimeandika, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya "mtaalamu mwenye bidii, mwaminifu, anayejituma bila kusimamiwa". Je, tatizo ni mimi, ni Mwanza, au ni mtandao wenyewe? Naomba kuwasilisha.

Dada_wa_Ajira:
Kaka, mimi ndiye yule unayemsubiri apige simu. Ni afisa rasilimali watu hapa Dar es Salaam, na karibu kila wiki naingia humo kutafuta watu, kwa hiyo nikueleze ninavyofanya. Ninapotafutiwa mhasibu wa kiwanda, naandika kwenye kisanduku cha kutafutia neno mhasibu, kisha naongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani), IFRS (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha), CPA (sifa ya mhasibu aliyesajiliwa), jina la programu ya hesabu inayotumika ofisini na mji wenyewe. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuandika "mwenye bidii", na sidhani kama kuna mwenzangu aliyewahi kuandika. Mstari ulio chini ya jina lako unakupa herufi 220, na wewe umezitumia kwa sifa ambazo hata mvivu angejipa.

Andika kazi. Sehemu ya kujieleza inaruhusu herufi 2,600, lakini anayepita huona mistari michache tu ya mwanzo mpaka abonyeze aone iliyobaki, hivyo usianze na utoto wako wala ndoto zako. Anza na unachofanya mwezi unapoisha. Kwenye orodha ya vyeo ndipo wengi wanapojipunja, kwa sababu wanaandika "Mhasibu, 2019 hadi sasa" halafu wanaishia hapo, na mimi nabaki nikijiuliza kama mtu huyu alikuwa akibandika risiti kwenye faili au alikuwa akiandaa ritani ya VAT mwenyewe na kuiwasilisha mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hizo ni kazi mbili tofauti zenye mishahara miwili tofauti.

Jambo moja zaidi kuhusu CPA(T), yaani CPA ya Tanzania. Kama umesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, iweke karibu na jina lako. Kama umefaulu mitihani na hujasajiliwa, sema umefaulu mitihani, basi. Sisi huwa tunahakiki, na herufi nne zilizowekwa mapema zimewahi kumfanya mtu mzuri aonekane mwongo. Kiingereza endelea nacho, maana ndicho tunachotafutia. Huyo wa Qatar mripoti na umfungie: mwajiri wa kweli hamdai mwombaji ada ya faili.

Msafirishaji_Kilindini:
Naunga mkono aliyotangulia kusema dada, ila nikutahadharishe kwa yaliyonikuta mimi hapa Mombasa. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nikachoka, na usiku mmoja nikawasha ile alama ya kuonyesha kwamba natafuta kazi. Sikusoma vizuri. Alama hiyo ina njia mbili: moja huonekana na waajiri wanaotumia huduma ya kulipia ya kutafuta wafanyakazi, na nyingine huzungushia picha yako duara la kijani linaloonekana na kila mtu. Mimi nilichagua la kijani. Asubuhi meneja wangu aliniuliza, mbele ya makarani wote, kama ningependa nisaidiwe kubeba sanduku langu. Hata ile njia ya faragha, LinkedIn wenyewe wanasema hujitahidi kuwaficha waajiri wa kampuni uliyomo bila kutoa dhamana kamili. Vilevile, kabla hujaanza kubadilisha chochote, ingia kwenye mipangilio uzime taarifa zinazowajulisha watu wako kwamba umebadilisha wasifu, la sivyo ofisi nzima itajua kuwa kuna jambo.

Mkaguzi_Mstaafu:
Vijana mnajaza wasifu kama fomu ya kitambulisho cha NIDA, kisha mnashangaa hampigiwi simu. Mwandikie mkaguzi wa nje aliyewahi kupitia vitabu vyako, umwombe akuandikie maneno mawili matatu ya kukupendekeza kuhusu jambo mahususi, kwa mfano namna ulivyolinganisha hesabu za benki, si "ni kijana mzuri". Ukimwomba kwa ujumla atakujibu kwa ujumla. Nami niseme wazi: kama shabaha yako ni serikalini, huko LinkedIn unapoteza muda, maombi hupita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na hakuna anayeangalia picha yako.

Mhasibu_Kirumba:
Nawashukuru sana, na mzee shikamoo. Shabaha yangu ni viwanda na mashirika binafsi. Nimeandika upya mstari wangu, kwa Kiswahili ungesomeka hivi: "Mhasibu, CPA(T). Ufungaji wa hesabu za kiwanda, VAT na mishahara. Usindikaji wa samaki na mauzo ya nje. Mwanza." Usajili ninao tangu 2020, nilikuwa nimeuweka chini kabisa pamoja na cheti cha udereva. Kinachonitatiza ni takwimu. Dada anataka nionyeshe ukubwa wa kazi, lakini mauzo ya kiwanda ni siri ya mwajiri, na sitaki kuyaanika.

Dada_wa_Ajira:
Wala usiyaguse, nikiona mtu ameanika mauzo ya mwajiri wake, namwogopa. Andika mambo yaliyo ya kwako. Unaandaa mishahara ya watu wangapi? Hesabu za mwezi zilikuwa zikifungwa lini ulipoingia, na siku hizi zinafungwa lini?

Mhasibu_Kirumba:
Watu 180. Nilikuta zinafungwa tarehe 20 na kuendelea. Sasa tarehe 8 zipo mezani kwa meneja wa fedha. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kuandika. Naliandika leo jioni, baada ya kuzima taarifa.