Mwalimu kamkosesha mwanangu: eti "aloud" ni kupiga kelele!

Wakuu, mnivumilie, leo nimevurugwa.

Binti yangu yuko darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapahapa Moshi, ada yenyewe nalipa kwa kuungaunga. Juzi jioni kakaa barazani na kitabu, mara naanza kusikia anapayuka habari za kuku na mwewe, mishipa ya shingo imemtoka. Mangi wa duka la jirani akaacha kupima sukari, akaja mpaka getini kuuliza nani anapigwa.

Kumwuliza, ananiletea daftari. Aliandika "aloud" maana yake ni "kwa sauti". Kakoseshwa! Pembeni, kwa wino mwekundu: "kwa kupiga kelele".

Jamani! "Aloud" ni kwa sauti, basi. Yaani usisome kimoyomoyo, aliye karibu asikie. Hata ukisoma polepole kama uko kando ya kitanda cha mgonjwa, bado umesoma "aloud". Kwa sauti kubwa ni "loudly". Ndiyo maana watu husema "very loudly", ila "very aloud" hutaisikia, kwa sababu kitu ama kimetamkwa ama hakijatamkwa. Kiswahili kimetenganisha vizuri kabisa, kwa sauti na kwa sauti kubwa, halafu mtu anakuja kutuchanganyia!

Nikaenda shuleni. Mwalimu, bila wasiwasi, akanifungulia Isaya 58: "Cry aloud, spare not", na kwetu ni "Piga kelele, usiache, paza sauti yako kama tarumbeta." Hapo nilikwama kidogo, sikatai. Lakini ile ni tafsiri ya King James, ya mwaka 1611! Neno lilibeba na maana hiyo, na mpaka leo mtu akiumia utasoma "he cried aloud". Sawa. Sasa "read aloud" ya zoezi la darasa la tano inahusiana nini na tarumbeta ya nabii?

Akanijibu, "Mzazi, mtaala ndivyo unavyosema." Nikaomba anionyeshe ukurasa. Kengele ikalia, akaniaga.

Ile alama sina shida nayo tena. Mtoto kaamka sauti imekauka, nimemchemshia tangawizi, na kesho wana zoezi jingine la kusoma mbele ya darasa. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, nimwambie asomeje? Akisoma kawaida atakoseshwa, akipayuka koo ndiyo kwaheri.